Ubao wa Nane

Zamda alimeza kidonge cha shahidi kwa funda la chai, adhana ya alfajiri ikiwa karibu, na mama yake akamtazama kama mtu anayemwona mwanawe akila udongo.

"Kazi nyingine zote zimeisha mjini?" aliuliza Bi. Nyamizi.

"Ndiyo kazi yenyewe hii, mama."

"Kumeza rangi, ukaitoe chooni, halafu wakubwa wakae waitazame."

"Hawaitazami yenyewe. Wanatazama namba zake."

"Wangeitazama yenyewe," alisema mama akikusanya vikombe vya daku, "wangeona kinyaa, wakaacha."

Mama na binti walikuwa katika funga za sita, zile za mwezi wa Shawali zinazofuata Ramadhani. Bi. Nyamizi hakuwahi kuziacha tangu usichana wake, na Zamda alizifunga kwa sababu kuishi nyumba moja na Bi. Nyamizi bila kufunga sita kulikuwa na maneno mengi kuliko njaa yenyewe. Kulipokucha alikwenda chooni, akafanya alichotumwa na serikali ya mji, akavuta maji. Shingoni mwa bakuli pua ikawaka taa ya bluu, ikanusa, ikazima. Alinawa mikono, akanawa tena. Miaka yote aliyofanya kazi Idara ya Maji Taka hakuizoea taa ile. Ilimfanya ajihisi mbuzi anayekaguliwa mnadani.

Kila choo cha Kizengi Mpya kilikuwa na pua. Mji ulijengwa uwandani kwa ajili ya watu waliokimbia sehemu zilizokauka, na kipindupindu kiliwafuata toka kambini hadi kwenye nyumba za matofali. Ndipo mafundi wakatengeneza kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kinachokaa shingoni mwa choo, kikinusa kila kinachopita na kupeleka habari zake kwenye seva. Seva ilizichambua na kuzipanga kwenye dashibodi, ambazo pale Idarani waliziita mbao kwa kuwa zilitundikwa ukutani. Ubao mmoja ulionyesha maradhi mtaa kwa mtaa, mwingine dawa zinazotumika, mwingine mabomba yaliyoziba. Kipindupindu kikijitokeza kwenye choo kimoja tu, ubao uliwaka mwekundu kabla mgonjwa hajajua kama anaumwa, na watu wa klorini wakawa wameshafika mlangoni. Hapo Zamda hakuwa na ugomvi na pua. Shangazi yake alikufa kabla hazijawekwa.

Seva hiyo sasa ilikuwa imechoka. Mpya ilikuwa imeshaletwa, kubwa kama kabati la nguo, na kabla ya kuhamia ilibidi kila ubao na kila muunganisho wa data upimwe, namba ya seva kuukuu ikae kando ya namba ya seva mpya, zifanane. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Zamda. Na kwa kuwa namba mbili za uongo nazo zinaweza kufanana, kanuni ya Idara ilimtaka mpimaji ameze shahidi, rangi isiyopatikana katika chakula chochote, kisha ajifuate mwenyewe toka chooni kwake hadi kwenye kila ubao. Asipojiona mahali, ajue muunganisho umekatika.

*

Ofisini alifungua skrini mbili, kushoto seva kuukuu, kulia mpya, akaanza kujitafuta.

Ubao wa mabomba ulikuwa mtupu upande wa kulia. Neno la siri la muunganisho halikuhamishwa, akalihamisha. Ubao wa dawa ulisoma tarehe kinyume, mwezi ukakaa mahali pa siku, ikaonekana watu wa Kizengi Mpya wameshameza dawa za malaria za miezi isiyofika. Akaunyoosha huku akicheka peke yake. Kwenye ubao wa tatu, wa kipindupindu, hakucheka. Alipita mtaa kwa mtaa, namba kwa namba, akajiona yumo, akajiona tena upande wa pili, akapumua.

Kisha akaipa seva kazi ya mwisho, kama ilivyo desturi: mtafute shahidi popote alipo. Mbao za mji zilikuwa saba. Seva ikarudisha majibu manane.

Alidhani ameandika vibaya. Akarudia, na jibu likawa lile lile.

Ubao wa nane haukuwa na nembo ya mji. Jina lake lilikuwa neno moja, Utayari. Ulikuwa ramani ya mji, kila nyumba nukta moja, nyingi nyeupe, chache za njano, chache zaidi za kijani. Akaisogeza ramani hadi mtaa wao wa Msufini. Nyumba yao ilikuwa na alama ya shahidi, na ilikuwa kijani. Akaigusa kwa kidole, maandishi yakafunguka.

Watu wazima wawili. Shibe: hakuna. Mwelekeo: unashuka. Mwenye nguvu za kazi: mmoja. Hali: TAYARI.

Nyumba iliyopakana nao, ya Mama Semeni, ilikuwa njano. Ubao uliandika: Bado kidogo.

Zamda hakuelewa alichokuwa anakisoma. Simu ikalia.

"Zamda, una nafasi mwanangu?" Alikuwa mama yake.

"Sema, mama."

"Kaja mtu hapa na unga. Mfuko mzima. Kanyika, yule wakala wa Chumvini. Yule yule aliyemchukua Sudi. Amenenepa."

"Anataka nini?"

"Kaniamkia vizuri tu. Kasema kampuni inawajali wenye shida, akauliza kama binti yangu yupo, maana kuna mkataba. Nikamwambia baba, sisi hatuna shida, tumefunga sita. Basi akatazama simu yake, akaguna, akasema kumbe ni njaa ya hiari, samahani mama, wameniletea vibaya." Bi. Nyamizi alisonya. "Njaa ya hiari. Tangu lini funga ikaitwa hivyo?"

"Na unga?"

"Kauacha. Nadhani kaona haya kuubeba kurudi nao. Zamda, nani huyo aliyemletea vibaya? Kamletea nini?"

Zamda alisema atampigia baadaye.

Sudi alikuwa mdogo wake, wa pekee. Mwaka ule wa ukame wa pili nyumba yao haikuwa na kitu, na Bi. Nyamizi aliyafanya yote ambayo mwanamke wa heshima huyafanya ili mtaa usijue. Alichemsha maji matupu, akaacha kifuniko cha sufuria kigongegonge, majirani wasikie kuna kinachoiva. Aliwapaka watoto mafuta midomoni kabla hawajatoka nje. Hakuna binadamu aliyejua. Na bado siku waliyozidiwa kabisa, adhuhuri, Kanyika alibisha hodi na mfuko wa unga begani, na Bi. Nyamizi akapiga magoti akasema Mungu ameiona nyumba hii. Sudi aliulizwa kama anataka kazi kwenye Kampuni ya Chumvi Nyeupe. Akafuta dole gumba kwenye shati, akalibonyeza kwenye kioo cha simu ya wakala, akaenda kutumikia miaka saba ya kuchota chumvi bondeni. Mara ya mwisho walipomwona kwenye video alikuwa amefunga mikono kwa vitambaa, na mama alipomwambia avifungue, alisema mtandao unasumbua, akakata.

Ugali wa unga ule Zamda aliula. Alikumbuka vizuri alivyolamba vidole.

Alirudi kwenye ubao, akafungua mipangilio yake. Ilikuwa mifupi na imepangwa vizuri, kazi ya mtu makini. Ramadhani: zima. Kwaresima: zima. Njaa ya hiari: ondoa. Alisoma mistari ile hadi herufi zikaanza kucheza. Ubao wa kusaidia wenye njaa usingekuwa na haja ya kuwatenga waliofunga, maana aliyefunga angepewa chakula angesema asante, akakiweka cha futari. Aliyejenga huu alijua kwamba mtu aliyefunga ana njaa na bado ana msimamo, na mtu wa namna hiyo hawafai. Walimtaka yule ambaye njaa imeshamla hadi uamuzi. Waliisubiri hali hiyo chooni, wakainusa, na ilipofika wakatuma unga. Mwezi mzima wa Ramadhani walikumbuka kuuzima. Sita tu ndizo walizozisahau. Huenda aliyeandika hakuwa Mwislamu, au alikuwa Mwislamu asiye na mama kama Bi. Nyamizi.

Alikwenda kwenye sinki, akatema mate, akatema tena. Kutapika kwa makusudi kungebatilisha funga, naye hakuwa tayari kuwapa hata funga yake.

Aliporudi alifuata njia ya ubao ule hadi mzizini, ajue unanywea wapi. Ulikuwa unanywea muunganisho wa tatu, ule ule wa kipindupindu.

*

Injinia Lusajo, mkuu wa Idara, alikuwa anakunywa chai. Alipomwona Zamda mlangoni alikifunika kikombe kwa kisahani na kukisogeza nyuma ya kompyuta, kwa heshima ya funga yake. Ndivyo alivyokuwa siku zote, mtu wa adabu. Ndiye aliyemfundisha Zamda kazi.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Mbao zimekubali?"

"Saba zimekubali. Nimekuja kuuliza ule wa nane."

Lusajo aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa taratibu. "Umeuona vipi?"

"Nimemfuata shahidi. Nyumba yetu imewaka kijani kwa sababu tumefunga sita. Kanyika alikuwa kwa mama asubuhi hii na unga."

"Sita," alisema Lusajo, akajigonga paji la uso. "Hizo tumezisahau. Itabidi ziongezwe." Akachukua simu yake, akaandika.

Zamda alitazama vidole vile vikiandika. Angekasirikiwa, angetishwa, angeelewa. Huyu alikuwa anarekebisha kasoro.

"Kaa chini, mdogo wangu," Lusajo alisema. "Seva mpya tumeletewa na Chumvi Nyeupe, kama ile kuukuu. Mji huu usingeipata kwa nguvu zake hata tukifa tukafufuka. Walichoomba tangu mwanzo ni ubao mmoja wa kujua nani anahitaji kazi."

"Wa kujua nani hajala."

"Ni kitu kimoja."

"Kama ni kitu kimoja, waende wakiwakuta watu wameshiba wawaulize."

Nje ya dirisha wingu lilikuwa limetanda juu ya mitaa ya magharibi, na matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kugonga bati la gereji.

"Naukata," alisema Zamda.

"Hukatiki. Ufunguo ni mmoja na njia ni moja, wamejenga hivyo makusudi. Ukiukata umekata muunganisho wa tatu. Kesho seva kuukuu inazimwa, na mpya itawaka bila ubao wa kipindupindu, mvua ndiyo hizo zinaanza. Andika kuwa muunganisho wa tatu umefeli, sikuzuii. Halafu wewe mwenyewe utazunguka misibani." Hakusema kwa ukali. "Shangazi yako alizikwa makaburi gani?"

Lusajo hakungoja jibu, akaendelea.

"Kesho kwenye kusomewa, soma saba. Ukifika wa tatu, taja jina lake, mwenyekiti Bi. Tabu ataitikia kwa niaba ya mitaa, na kila kilichomo ndani ya wa tatu kitavuka nao. Basi, yamekwisha."

Zamda alisimama. Akiwa ameshika kitasa aligeuka. "Wewe huoni kinyaa, Injinia?"

"Niliona," alisema Lusajo, akikivuta kikombe chake. "Mwanzoni."

*

Kusomewa ilikuwa desturi ya Kizengi Mpya peke yake, na wageni waliocheka walielezwa sababu wakaacha. Miaka ya nyuma, seva ya kwanza ilipobadilishwa, muunganisho wa ubao wa kipindupindu ulikatika na hakuna aliyejua, kwa sababu ubao uliendelea kuonyesha namba ya jana. Ulikuwa mweupe na salama ukutani wakati watu wanakufa mitaani. Tangu hapo ilikatazwa ubao kuvuka kimyakimya. Mpimaji alisimama ukumbini mbele ya wenyeviti wa mitaa na yeyote aliyetaka kuja, akataja jina la ubao na kusema kwa Kiswahili cha kawaida unaonyesha nini, kisha akauliza nani mwenyewe. Mwenye ubao alisimama akasema, "Nimeuona." Seva mpya yenyewe ilisikiliza. Uliotajwa ukaitikiwa ulihamishwa. Uliotajwa ukaulizwa mara tatu bila mwitikio ulifutwa peke yake, bila kugusa muunganisho.

Zamda alikuwa ameifikiria kanuni hiyo njia nzima. Ndani ya ubao wa tatu, Utayari ungevuka umejificha. Ukitajwa kwa jina lake, ungehitaji mwitikio wake. Lakini hilo lilikuwa na hatari yake: Kanyika akisimama na kutamka neno lile moja, ubao utakuwa halali, wa mchana kweupe, na hakuna atakayeweza kuung'oa tena.

Na Kanyika alikuwepo. Alikaa safu ya tatu, shati limepigwa pasi, amekuja kuona seva ya kampuni ikiwashwa. Alimpungia Zamda mkono kidogo, kirafiki.

Ukumbi ulinuka nguo mbichi, maana wengi walifika wamelowa. Zamda alisoma ubao wa kwanza, ukaitikiwa. Akasoma wa pili. Alipofika wa tatu alieleza unavyowaka, na Bi. Tabu, mwenyekiti wa wenyeviti, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasimama akasema, "Tumeuona, na usituzimikie." Watu wakacheka. Ulipopita wa saba, Injinia Lusajo aliinuka kutoa shukrani.

"Ubao wa nane," alisema Zamda.

Lusajo alibaki amesimama.

"Jina lake ni Utayari. Unaonyesha nyumba ambazo watu wake hawajala. Pua ya chooni inanusa mkojo wa mtu mwenye njaa, nyumba inapewa rangi ya njano. Njaa ikizidi hadi mtu hawezi kukataa kitu, nyumba inakuwa kijani, na wakala wa Chumvini anapewa namba ya mlango. Anakwenda na unga na mkataba. Ramadhani ubao unazimwa, na Kwaresima unazimwa, kwa sababu aliyefunga kwa hiari yake hasaini."

Mvua ilisikika juu ya paa.

"Rudia hapo pa mkojo," alisema Bi. Tabu.

Zamda akarudia, neno kwa neno. Mwanaume mmoja wa nyuma alifunika uso kwa kofia yake. Mama mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama na wanawe wawili waliondoka hivyo.

"Sitasoma nyumba za watu," alisema Zamda. "Njaa ya mtu ni siri yake, na imeshasomwa vya kutosha. Nitasoma yetu tu, iko humu, ubao hausahau. Nyumba ya Bi. Nyamizi, mtaa wa Msufini, mwaka wa ukame wa pili. Iliwaka kijani asubuhi. Adhuhuri mlango ukagongwa. Mdogo wangu Sudi akaweka dole, sisi tukamshukuru Mungu, tukasonga ugali, mimi nikala." Akautazama ukumbi mzima. "Nani mwenye ubao huu?"

Lusajo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nani mwenye ubao huu?"

Kanyika alimtazama Lusajo, akatazama mlango, akahesabu vichwa vilivyokuwa kati yake na mlango.

"Nani mwenye ubao huu?"

Alianza kuinuka. Zamda aliona magoti yakinyooka na kinywa kikifunguka. Mwanamke mzee aliyekaa kando ya Kanyika alikusanya pindo la kanga yake lililokuwa limegusa suruali ya wakala, akalivuta kwake, akalikung'uta, kama mtu aliyevushwa mfereji wa maji machafu. Wa upande wa pili naye akavuta lake. Kanyika alibaki katikati, amekunja magoti. Kisha akaishika suruali yake mapajani, akainyoosha, akakaa, kama vile ndicho alichokuwa ameinukia.

Seva ikasema kwa sauti yake isiyo ya mwanamke wala ya mwanaume kwamba ubao wa nane hauna mwenyewe na umefutwa, na kwamba miunganisho yote ni mizima. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka wakipishana na Kanyika kwa mbali.

Lusajo alimsubiri Zamda kibarazani. "Watakuja kuing'oa seva yao."

"Waje mchana, watu wakiwepo."

"Nipe kitambulisho chako."

Alimpa. Alipokuwa anakivua shingoni vidole vyao viligusana, na Zamda akaona ajabu kwamba hakuchukia mkono ule, mkono uliomfundisha kazi. Alitaka tu kwenda kunawa.

*

Alasiri alimkuta Bi. Nyamizi uani akichagua mchele wa futari. Alimweleza yote, mama akasikiliza bila kuinua macho kwenye ungo. Habari za Sudi zilipofika, mikono ilisimama. Kisha ikaendelea kuchagua.

"Kwa hiyo haikuwa Mungu," alisema mwishowe.

"Haikuwa, mama."

"Nilipiga magoti mbele ya mtu yule." Alitupa changarawe moja pembeni. "Na Sudi harudishwi na hayo uliyoyafanya."

"Harudishwi. Mkataba wake uko pale pale."

Mfuko wa unga ulikuwa umeegemezwa ukutani jikoni, mweupe, nembo ya kampuni kifuani. Zamda aliushika kwa ncha za vidole. "Naenda kuumwaga."

"Uache hapo. Unga haujafanya kitu. Mpelekee Mama Semeni."

Zamda aligeuka. Hakuwa amemwambia habari ya nukta ya njano. Alikuwa ameapa kutomwambia mtu. "Umejuaje kama hana?"

"Watoto wake siku hizi wanacheza wamekaa," alisema Bi. Nyamizi. "Nilikuwa nangoja giza liingie nimpelekee chochote, asionekane. Lakini mvua hii imewaingiza watu ndani, nenda sasa. Mwambie ni wa kwetu umezidi."

Alihamishia unga kwenye ndoo, ili ile nembo isionekane, na mfuko akausukuma motoni. Harufu ya plastiki ilimkaba kooni. Akafunika ndoo kwa kanga, akavuka matope hadi mlango wa jirani, akabisha hodi. Njiani alipanga maneno: unga wa kwetu umezidi, mama kasema mtusaidie kuumaliza kabla wadudu hawajaingia. Yalikuwa maneno mazuri, ya kumwacha mtu na heshima yake.

Mama Semeni alifungua nusu ya mlango. Midomo yake iling'aa mafuta, yamepakwa sasa hivi. Nyuma yake watoto watatu walikuwa wamekaa sakafuni, wamenyamaza, na jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagongagonga.

Zamda alifunua kanga. Kabla hajatoa neno, Mama Semeni aliutazama unga, akamtazama yeye, akawageukia watoto wake mmoja mmoja, kama anayechagua. Kisha akafuta dole gumba kwenye upindo wa gauni lake, taratibu, pande zote mbili, akalinyoosha mbele.

"Naweka wapi?" aliuliza.